Vitanzi Vinne

Hospitalini walimwita Mama Viraka, na jina lenyewe halikumkera hata kidogo. Si uongo, kazi yake ilikuwa viraka. Chumba cha kushonea kilikuwa nyuma ya dobi, na ukiingia ulikutana na mlima wa mashuka yaliyochanika, foronya zilizofumuka, na makoti ya madaktari yaliyoliwa na wino mifukoni. Katikati ya mlima huo alikaa mwanamke wa miaka hamsini na mitano, mfupi, miwani puani, mguu kwenye cherehani. Miaka ishirini na saba alikuwa hapo. Shuka ambalo yeye alisema halifai, basi halifai, hata mganga mkuu aje na barua.

Ulimi wake ulikuwa na makali kuliko mkasi wake. Muuguzi akimletea shuka limepasuka katikati, atalifunua, atalitazama, kisha atamtazama muuguzi. "Hili mgonjwa alililalia au alipigana nalo?" Watu walicheka, wakampenda, na walimwogopa kidogo pia.

Lakini alikuwa na jambo moja ambalo wenzake hawakulielewa. Asubuhi, jua likishapanda hadi kwenye dirisha la chumba, alisimamisha cherehani ghafla na kuukamata mkono wake wa kushoto, pale inapokaa saa. Akatulia tuli, midomo inahesabu. Kisha akaendelea na kazi. Binti wa kupiga pasi alimwuliza siku moja, "Mama, hiyo ni ganzi?"

"Ni ganzi."

"Si ukapimwe? Hospitali yenyewe ndiyo hii umo ndani."

"Na wewe kapimwe umbea, dawa yake nasikia imeshaingia."

Haikuwa ganzi. Mama Viraka alikuwa anavutwa. Mvuto wenyewe ulikuwa mdogo, kama wa mtoto anayekuvuta nguo akitaka umsikilize: mara moja, mara moja tena, na tena. Ulianza alipokuwa na miaka tisa, na alimjua vizuri sana anayemvuta.

Sasa tuanze mwanzo, maana jambo hili ukilishika katikati litakuchanganya.

Baba yake alikuwa seremala wa madirisha. Siku moja alichukua roli ya mbao iliyokwisha uzi, ile yenye tundu katikati, akapigilia misumari midogo minne kuzunguka tundu na kuacha vichwa vyake vimechomoza. Ukiitazama ilikuwa kama kigoda kidogo kilichopinduliwa miguu juu, na nyumbani kwao hakikupata jina jingine. Kigoda.

Mama yake, aliyekuwa akifua nguo za watu, ndiye aliyemfundisha kukitumia. Walikaa kizingitini, mama nyuma, mtoto mbele, mikono minne juu ya kigoda kimoja.

"Tumbukiza ncha ya uzi kwenye tundu itokee chini. Haya, zungusha kila msumari mara moja. Umeona? Vitanzi vinne. Sasa pitisha uzi tena kwa nje, juu ya vile vitanzi. Chukua kijiti, inua kitanzi cha chini, kivushe juu ya uzi, kivushe kichwa cha msumari, kiangushe ndani. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, we, usiruke! Wa nne. Sasa vuta chini."

Ukivuta, mzunguko unakaza. Ukirudia mara mia, chini ya kigoda unatoka mkia: kamba ya mviringo, laini, unene wa kidole.

"Usipovuta, mkia wako utakuwa na matundu kama soksi za mlinzi," mama alisema, na wote wawili wakacheka, kwa sababu mlinzi wa mtaa alikuwa akipita muda huohuo.

Kazi yenyewe ni rahisi, mtoto yeyote anaiweza kwa siku moja. Lakini ina sheria ya mwisho, na mama aliirudia mpaka binti akawa anaitikia kabla hajaambiwa. Ukitaka kuutoa mkia kwenye misumari, kata uzi ukiacha urefu wa kutosha, utunge kwenye sindano, uupitishe ndani ya vitanzi vyote vinne, kimoja kimoja, ndipo uvitoe na kukaza. Usipofanya hivyo, vile vitanzi vinabaki wazi. Mtu akiuvuta ule uzi, kazi yote inafumuka, kitanzi kwa kitanzi, mpaka unabaki na uzi mtupu uliojikunjakunja. Na uzi wa mkia mmoja ni mrefu mno. Mkia wa hatua kumi umemeza uzi wa zaidi ya hatua mia.

Nyumbani palikuwa na mtoto mwingine, Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitindamimba. Alikuwa na miaka mitatu na miguu isiyojua kukaa. Mgeuzie kisogo, huyo kaenda. Nyuma ya vyumba walikopanga palikuwa na bomba alikofulia mama, na kupita magugu, hatua kama themanini hivi, palikuwa na shimo la wafyatua matofali. Mvua ikinyesha linajaa. Mama hakuwa na macho kisogoni, akabuni dawa yake. Dada mtu afume mkia wa hatua kumi. Mwanzo wake afungwe yeye mkono wa kushoto, mwisho wake afungwe Kitinda kiunoni. Majirani walicheka sana. "Leo mbuzi wenu mnamlisha wapi?" Naye Kitinda akisikia hivyo anapiga magoti na kulia mee, mee, mpaka watu wanashika mbavu.

Mkia wa kwanza ulipochakaa, binti alifuma wa pili, mwekundu. Aliumaliza asubuhi moja, na asubuhi hiyohiyo jirani alikuwa amempa donge la sufu ya buluu. Sufu mpya, buluu, laini kama shavu! Mikono ilikuwa inamwasha aianze. Kigoda kilikuwa kimoja, na mkia mwekundu ulikuwa bado umekikalia. Sindano ilikuwa ndani, mama alikuwa ameichomeka kwenye pazia. Hatua sita tu kwenda na sita kurudi. Binti alitazama mlango, akatazama sufu ya buluu, akakata uzi, akavitoa vile vitanzi hivihivi, akavibana kwa vidole visionekane.

Mama akaja mbio, mikono imejaa povu. "Umeshamaliza? Umepitisha uzi kwenye vitanzi vyote vinne?"

"Nimepitisha."

Mama akachukua ule uzi uliobaki, akamzungushia Kitinda kiunoni mara mbili, akapima nafasi ya vidole viwili ili asibanwe, akafunga fundo na kulikaza kwa meno. Akarudi kwenye beseni lake.

Binti akakaa kizingitini na buluu yake. Msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, vuta. Mkononi akasikia mvuto mdogo. "Tulia, we," akasema bila kuinua kichwa. Mvuto ukaja tena, na tena, midogo midogo, ya kuchekesha. Alijua Kitinda yuko pale mwisho wa mkia, hatua kumi, anacheza umbuzi wake. "Kitinda, acha utundu, nitakusema kwa mama." Akaendelea kuhesabu misumari. Buluu ilikuwa imefika urefu wa kidole na ilipendeza kweli. Mvuto nao ukaendelea, halafu ukanyamaza.

Alipoinua macho, mkononi mwake kulikuwa kumebaki mkia mwekundu wa shubiri moja. Kutoka hapo ulikwenda uzi mwembamba uliojikunjakunja, umepita juu ya magugu, umekwenda zake.

Aliufuata mbio mpaka shimoni. Uzi uliingia majini. Akauvuta, akasikia uzito. Akavuta kwa mikono miwili, uzito ukapanda kidogo, akasikia kabisa unapanda, kisha ukaachia. Uzi ukaja wenyewe, mwepesi, na mwisho wake ukatoka mzunguko mtupu wa sufu nyekundu, mizingo miwili, na fundo la mama limekaza vilevile.

Hapa ndipo penyewe. Jambo hili hakuna aliyewahi kuambiwa. Yule mtoto wa miaka tisa, kabla hajapiga kelele, aliukusanya uzi. Aliukusanya wote, pamoja na kile kishubiri cha mkia na mzunguko wenye fundo, akausokomeza ndani ya gauni lake, kifuani, ukiwa umelowa. Ndipo akapiga kelele. Ilichukua muda gani? Wa kuhesabu hadi ishirini. Labda thelathini. Amehesabu maisha yake yote, na hesabu imekataa kuwa fupi.

Watu walikuja, wakaruka majini, wakamtoa Kitinda. Hakuwa na uzi kiunoni. Mama alimpapasa pale kiunoni, akazunguka kiuno kizima kwa vidole, akatafuta, akatafuta, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe iliyokunjika kwa maji ya kufulia.

"Fundo langu limeachia," alisema. "Sikulikaza."

Binti alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, sufu inamchuruzika maji tumboni. Alinyamaza. Mtoto wa miaka tisa, utamlaumu? Mimi simlaumu. Lakini alinyamaza na miaka kumi na tano, akanyamaza na thelathini, akanyamaza na hamsini.

Na mama yake hakufunga fundo tena. Usidhani natia chumvi. Magauni yake yote yakawa ya vifungo, viatu vya kutumbukiza tu. Mabunda ya nguo za watu aliyapanga vizuri, akakunja pembe nne za shuka, kisha akaita: "Mwanangu, njoo unifungie." Hata kitambaa chake cha kichwa alikuwa anainama tu, afungwe. Majirani walijua sababu, wakaacha kuuliza. Kila siku ya Mungu, binti alimfunga mama yake kitambaa, akaona ile shingo imeinama mbele yake kama ya mtu anayekiri kosa, na neno likamfika kooni, akalimeza.

Aliolewa na dereva wa lori, mtu mwema. Dereva alivumilia mke anayelala ameulalia mkono wa kushoto, anayekataa kuzaa na hasemi kwa nini. Mwaka wa sita aliondoka bila ugomvi, na begi lake moja. "Nyumba hii ina mtu wa tatu," alisema mlangoni, "na mimi sijawahi kutambulishwa." Mama Viraka alicheka alipoyasikia maneno hayo. Kisha akaingia ndani akalia mpaka sauti ikakauka.

Uzi aliuweka katika kopo la biskuti, juu ya kabati. Mara mbili au tatu aliuosha, akautundika na kitasa kizito mwishoni ili unyooke. Sufu yoyote ukiifanyia hivyo inanyooka. Ile ilikuwa ikikauka, inajikunja upya, kitanzi kwa kitanzi, kana kwamba imefumuliwa leo asubuhi.

Sasa turudi hospitalini. Mama yake alipigwa na kiharusi akiwa na miaka sabini na sita. Upande wa kulia ulilegea, maneno yakaondoka, yakabaki machache: ndiyo, hapana, maji. Alilazwa katika jengo la mazoezi, ng'ambo ya bustani, na msimamizi wake alikuwa kijana mtaalamu wa viungo ambaye jengo zima lilimwita Nyoosha, kwa sababu ndilo neno alilolijua kuliko jina lake. Nyoosha mkono, mama. Nyoosha kidole, mzee.

Huyu Nyoosha alikuwa amesikia mahali kwamba kufuma kwa misumari kunaamsha vidole vilivyolala. Akakata vipande vya bomba la plastiki, urefu wa kidole, akabandika vijiti vinne vya aiskrimu kila kipande kwa selotepu, akawagawia wagonjwa wake wanane. Kazi ikawa vurugu tupu. Mama Viraka alipofika mchana kumwona mama yake, alimkuta Nyoosha anatoka jasho na vitanzi vinaruka kama panzi.

Alitaka kupita. Aliapa atapita. Lakini kazi mbovu ilikuwa inamuuma kuliko jino.

"Vijiti umevibandika sawasawa na bomba," alisema. "Kitanzi kitashika wapi, hewani? Vichomoze juu, upana wa kidole. Na wewe unawaambia wasivute. Wavute chini kila wakimaliza mzunguko."

Nyoosha akamtazama kama amemwona malaika. "Kumbe unajua! Mama Viraka, mbona ulinificha?"

"Sijui. Nimeona tu."

Ndivyo alivyojikuta, kila mchana, anawafundisha watu wanane wenye mikono mizito kuzungusha uzi. Alikuwa mwalimu mzuri, tuseme ukweli. Alimwambia mzee mmoja, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, "Nne tu, mwalimu, hata mimi nazifikisha." Yule mzee akacheka mpaka kijiti kikamwanguka.

Mama yake hakuhitaji kufundishwa. Alipopewa bomba lake, alilitazama, akatumbukiza ncha ya uzi kwenye tundu kwa mkono mzuri, akaanza. Sufu ilikuwa ya kijivu, ndiyo iliyokuwepo. Mkono mbovu ulishika kijiti kwa shida, ukainua kitanzi, ukakivusha. Na kila alipomaliza mzunguko akavuta mkia chini, Mama Viraka, aliyesimama ng'ambo ya chumba, aliukamata mkono wake wa kushoto. Ulikuwa mvuto uleule. Mama anavuta kule, yeye anavutika huku.

Baada ya wiki tatu mkia wa mama ulifika urefu wa mkono mzima. Nyoosha akapiga makofi. "Haya, leo tunamalizia! Mama Viraka, mwonyeshe anavyofunga mwisho."

Uso wa mama ulibadilika. Aliusukuma mkia mbali, ukaanguka. Akautikisa mkono wake mzuri mbele ya uso, hapana, hapana, na mdomo uliopinda ukawa unahangaika na neno. Nyoosha akainama. "Sema, mama. Pole pole."

"Fundo," mama alisema. Akajipiga kifuani. "Fundo. Langu." Machozi yakamtoka, yakafuata ule upande uliolegea. "Mtoto."

Nyoosha hakuelewa kitu. Alimpangusa, akamvuta binti pembeni. "Daktari amesema shinikizo lake la damu halishuki," alinong'ona. "Kiharusi cha pili kinaweza kuja wakati wowote. Kama kuna ndugu wa mbali, waiteni."

Ndugu wa mbali! Waliobaki walikuwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa karibu kuondoka amejitwika kosa ambalo si lake. Mama Viraka alirudi kwenye cherehani akashona mguu mzima wa suruali ya daktari ukafungwa mdomo kabla hajajua anafanya nini. Kama mama atakufa hivi, alijua, hakuna shuka duniani la kufunika hilo. Na akisema, atampoteza mama akiwa hai. Akapiga moyo konde. Kesho yake alikuja kazini na kopo la biskuti kwapani.

Alimkuta mama ameketi dirishani, jua la saa nne mapajani. Akavuta kiti, akafungua kopo. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, yakamkimbia yote. Akautoa ule mzunguko mwekundu, akauweka kwenye kiganja kizuri cha mama.

Mama aliutazama bila kuelewa. Kisha kidole gumba chake kikalikuta fundo. Kikasimama. Kikalizunguka upande huu, kikalizunguka upande ule, kikapapasa pale lilipokazwa kwa meno. Hata ungemfunga macho angelijua. Kila mtu anaijua mikono yake.

"Halikuachia, Mama," alisema binti. "Fundo lako halikuachia. Ni mimi. Uliniuliza kama nimepitisha vitanzi vyote vinne, nikasema nimepitisha. Sikupitisha hata kimoja. Nilikuwa nataka kigoda kwa ajili ya ile sufu ya buluu. Mkia ukafumuka, mimi nasikia unavuta, nikadhani anacheza. Nikamwambia atulie."

Kidole gumba cha mama kilibaki juu ya fundo.

"Nilimvuta. Nilimsikia, alikuwa anapanda. Halafu hii ikamtoka. Na nikaficha, Mama. Nilificha kwanza, ndipo nikapiga kelele. Nikakusikia unasema ni fundo lako, nikanyamaza."

Alisema yote, mpaka kitasa, mpaka dereva wa lori. Mama alikuwa ameufunga mkono juu ya ule mzunguko. Alipoinua macho, yalikuwa makavu, na mdomo wake ukanyooka kwa nguvu ambayo Nyoosha alikuwa hajaipata kwa wiki zote zile.

"Toka."

Nyoosha, aliyekuwa mlangoni na karatasi zake, aliruka kwa furaha. "Amesema! Neno jipya! Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Mama Viraka, akatoka.

Alivuka bustani, akafika chumba cha kushonea, akakaa. Alikuwa anasikiliza mkono wake. Ulikuwa kimya. Alingoja asubuhi ile, akangoja asubuhi iliyofuata, jua likafika dirishani, likapita. Hakuna kitu. Miaka arobaini na sita alikuwa ameomba mvuto ule umwache, na sasa ulipomwacha aliogopa kuliko siku zote. Mkono ulikuwa mtupu. Akawa anautikisa, anaupapasa, ananong'ona akiwa peke yake katikati ya mashuka, "Kitinda? We, Kitinda?" Kumbe ndicho kitu pekee cha mdogo wake alichokuwa amebaki nacho, naye amekitoa kwenye kopo na kukigawa.

Alikwenda jengo la mazoezi kila mchana, na kila mchana mama aligeukia ukuta. Alikataa uji kutoka mkononi mwake. Alikataa kufungwa kitambaa. Kilimlalia mabegani, nywele nyeupe wazi mbele za watu, yeye ambaye hakuwahi kutoka mlangoni bila kitambaa. Wauguzi wakijaribu kumfunga, anawapiga kofi la mkono. Mzunguko mwekundu ulikuwa ndani ya kiganja hata akilala. Mama Viraka aliketi kitini robo saa, akaondoka. Alistahili. Hakuwa na la kujitetea, wala hakulitafuta.

Siku ya sita alisimama mlangoni akashindwa kuingia.

Kitambaa kilikuwa kichwani. Kilikuwa kimekaa upande, pembe moja ndefu, nyingine fupi, kama amefungwa na mtoto. Lakini kilikuwa kimefungwa. Nyoosha alikuwa amekaa sakafuni kando ya kiti, amechoka hoi. "Tangu saa mbili asubuhi," alisema kwa sauti ndogo. "Mkono mmoja na meno. Amekataa nisimguse. Kikianguka anaanza upya."

Mama hakugeukia ukuta. Mapajani mwake palikuwa na bomba lake la plastiki, na mkia wa kijivu ukiwa bado kwenye vijiti vinne, pale ulipoishia. Kando yake palikuwa na sindano ya sufu, yenye tundu pana. Akaisukuma kwa kidole kuelekea kwa binti yake.

"Maliza," alisema.

Mama Viraka akapiga magoti mbele ya kile kiti. Alikata uzi, akautunga, mara ya kwanza ukakosa tundu, mara ya pili ukaingia. Alipitisha uzi kitanzi cha kwanza. Machozi yalikuwa yamejaa kwenye miwani, haoni vizuri, akaendelea kwa kupapasa. Akafika mwisho. Akashika vitanzi ili avitoe.

"Umepitisha vyote vinne?"

Maneno matatu mazima, wazi, kwa sauti ileile ya kizingitini. Nyoosha akainua kichwa. Mama Viraka akafungua mdomo, na jibu lilikuwa pale ulimini, lilelile, tayari. Akalizuia. Akaliinua bomba, akalipeleka mbele ya macho ya mama yake.

Mama akanyoosha kidole cha mkono mbovu, akakigusisha kijiti cha kwanza. "Moja," alisema. Akahamia cha pili. "Mbili." Cha tatu. "Tatu." Kwenye cha nne kidole kikasimama. Kikapapasa. Kitanzi cha nne kilikuwa wazi. Uzi ulikuwa umepita nje yake.

Mama Viraka alipoona hivyo alitoa sauti ambayo Nyoosha anasema hajaisahau. "Nimeruka, Mama. Nilidhani nimepitisha. Wallahi nilidhani."

Mama alikuwa anakitazama kile kitanzi kimoja, kidole chake bado kiko juu yake, na mdomo wake ulikuwa unatafuta.

"Siku ile," alisema mwishowe. "Mimi. Sikuhesabu."

"Mama, usi..."

"Sikuhesabu," alirudia, kwa ukali, kama mtu anayekataa kunyang'anywa kitu chake. Kisha akaushika mkono wa kushoto wa binti yake, pale inapokaa saa, akauvuta kuelekea kwenye kijiti cha nne.

Mama Viraka akachomeka sindano, akapitisha uzi. Hakukaza. Alingoja, na mama yake akakirudisha kidole kijiti cha kwanza, wakaanza tena kuhesabu, safari hii wote wawili.